YAH: Nyuzi za gitaa zisizolingana na maelezo ya pakiti

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Nalalamikia pakiti ya nyuzi za gitaa la akustiki niliyoinunua kwenu. Juu imeandikwa bronzi ya fosforasi, unene 12–53, yaani elfu za inchi kuanzia uzi mwembamba kabisa hadi mnene kabisa. Unene ni sahihi. Madini siyo.

Aina hiyo niliichagua kwa makusudi. Gitaa langu lina sauti kali; ukilicharaza, nyuzi nyembamba zinachoma sikio na besi haisikiki vizuri. Gitaa la namna hiyo linahitaji bronzi ya fosforasi, yaani shaba takriban asilimia 92, bati asilimia 8 na fosforasi kidogo sana. Sauti yake ni nene, tulivu, tena haichuji upesi. Bronzi ya 80/20, yenye shaba asilimia 80 na zinki 20, huikoleza ile sauti ya juu. Inalifaa gitaa lililofifia, si langu.

Nilipozifunga, ukali ukazidi. Nikazikagua. Nyuzi mbili nyembamba ni chuma kitupu katika aina zote mbili, kwa hiyo hizo hazithibitishi kitu. Ushahidi uko kwenye zile nne zilizozungushiwa waya. Nilizilaza sambamba na nyuzi za pakiti yenu nyingine, mpya, yenye maelezo hayohayo. Zile zina wekundu wa shaba, hizi ni za manjano mtupu, rangi ya 80/20. Nilipofunga zile nyekundu kwenye gitaa hilohilo, sauti ilitulia na besi ikajaa.

Mhudumu wenu alinijibu kwamba nyuzi zote mpya huwa kali, nipige tu zitazoea. Ni kweli nyuzi mpya hulia kwa ukali kuliko zilizotumika, lakini kuchakaa hakugeuzi zinki kuwa bati. Na kwa nini mnunuzi asubiri nyuzi zife ndipo zimfae?

Afadhali kosa limeangukia madini. Zingekuwa 13–56 ndani ya pakiti ya 12–53, mvuto ungeongezeka, na gitaa jepesi lingeweza kupinda shingo au kuvimba ubao nyuma ya daraja, kile kipande kinachoshikilia nyuzi juu ya ubao. Kiwanda kinachochanganya madini kinaweza kuchanganya na unene, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi.

Naomba mnibadilishie pakiti hii, na mkague shehena iliyotoka nayo kabla haijawafikia wapigaji wengine. Namba ya shehena inaonekana kwenye picha nilizoambatanisha, pamoja na nyuzi za pakiti zote mbili.

Pia chapeni nyuma ya pakiti asilimia za madini na unene wa kila uzi, kwa inchi na kwa milimita: 0.012 ni kama 0.30, 0.053 ni kama 1.35. Nafasi hiyo sasa imejaa sifa za "sauti bora", maneno yasiyomsaidia mtu kuchagua nyuzi za gitaa lake.

Nasubiri jibu lenu kwa maandishi.

Wenu,
Mteja