Mgeni wa Mgeni Wako

Kilimani, Nairobi
Jumapili usiku

Shoga yangu Halima,

Salaam nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumai mama magoti yamemtulia na watoto wamerudi shule salama.

Swali lako, la jinsi ya kuchuja wageni kabla ya kuwakodishia nyumba ya shemeji kwa siku, nimelisikiliza mara mbili. Ulilituma kwa sauti na najua ungependa nikujibu kwa sauti, lakini jambo hili lina pembe nyingi, na mimi nikiongea hupotea njia. Soma polepole. Nyumba ya shemeji hapo Kileleshwa ni nzuri, vyumba viwili na pa kuegesha gari, watu itapata. Tatizo ni kwamba wewe utakuwa Tudor, Mombasa, nyumba iko huku Nairobi, na atakayefungua mlango humwoni.

Wengi wakisikia kuchuja wageni hudhani ni kumsoma mtu: picha yake, jina lake, Kiingereza chake. Mimi nakwambia yule anayekuandikia mara nyingi si wa kukutia wasiwasi. Amekupa namba, amelipa, anajua unamjua. Mtie maanani yule asiyekuandikia, anayeingia nyuma yake saa nne za usiku ukiwa umelala. Huyo humjui jina, wala hakukuomba chochote.

Bila shaka unaikumbuka Januari 2024. Wasichana wawili waliuawa ndani ya nyumba kama hizi zetu, mmoja South B, mwingine Roysambu, na hazikupita hata wiki mbili baina yao. Tarehe 27 mwezi huohuo wanawake wakajaa barabarani Nairobi na miji mingine kuandamana. Mamlaka ya Kudhibiti Utalii ikasisitiza kwamba nyumba za kukodi kwa siku nazo lazima zisajiliwe, kwa hiyo usidhani hii ni biashara ya kufanya kimyakimya. Jisajili kabla ya mgeni wa kwanza. Baada ya mauaji yale wenyeji wote, yaani sisi tunaopokea wageni, tukawa wakali wa vitambulisho. Lakini kitambulisho cha nani? Cha aliyelipa. Wa pili alipita tu, "niko naye". Na mimi nadhani hapo ndipo penye kazi yenyewe. Kitambulisho kimoja kwa watu wawili hakimlindi mwenye nyumba, na hakimlindi yule mmoja kati yao aliyekuja bila kumjua vizuri mwenzake.

Kwa hiyo kwangu sharti la kwanza ni hili, na limeandikwa kwenye tangazo la nyumba ili mtu alisome kabla ya kulipa: kila mtu mzima anayeingia kulala anatoa jina lake mapema na anaonyesha kitambulisho au pasipoti getini. Wote, mume na mke, mzungu na mtu wa Githurai. Aliye na nia njema huwa haoni taabu. Wengine husoma sharti hilo wakanyamaza, wasirudi tena, na hao wamejichuja wenyewe bila mimi kusema neno.

Maswali yangu ni manne, na nayauliza kwa adabu: unakuja Nairobi kwa shughuli gani, mko wangapi na ni kina nani, mtafika saa ngapi, na je, kuna mtu mnayemtarajia kuwatembelea. Basi. Usifanye mahojiano ya polisi. Wala jibu lenyewe si muhimu sana, sikiliza jinsi linavyokuja. Mwenye safari ya kweli huwa na maelezo yasiyo na maana kwako: anakwenda kwenye mahojiano ya viza Gigiri Jumanne asubuhi, mtoto wa dada yake anahitimu, baba analazwa Nairobi Hospital na wao wanataka pa kupikia uji. Mtu wa aina nyingine hujibu "biashara tu" kisha anauliza yeye: soja wa hapo wanasumbua? Mnaandika watu getini? Naweza kuja sasa hivi, niko nje?

Lakini tahadhari na jambo moja hapo, Halima. Kuna wanawake wanaouliza karibu maswali hayohayo. Kuna soja usiku? Kamera ziko kwenye korido? Mlango una komeo la ndani? Mwanamke anayesafiri peke yake anakuchuja wewe kama unavyomchuja yeye, na kwa mji huu wetu ana haki. Ukimwambia soja wapo usiku kucha na kila anayeingia anaandikwa, yeye anashukuru na kulipa. Yule mwingine ukimwambia hivyo anakwambia atakupigia baadaye. Swali moja, watu wawili; subiri uone jibu lako linampendeza nani.

Utakutana pia na mtu wa Nairobi anayetaka nyumba Nairobi, usiku mmoja, Jumamosi. Wenyeji wengi humkataa moja kwa moja kwa kuogopa sherehe. Mimi simkatai. Nairobi watu wazima wanaishi na wazazi wao, wengine wanapakiwa rangi nyumbani, wengine stima imekatika na wana kazi ya kuwasilisha. Ninamwambia tu wazi kwamba watu ni wawili, muziki mwisho saa nne, na soja anahesabu. Airbnb wenyewe, wenye mtandao tunakotangazia nyumba hizi, walipiga marufuku sherehe kabisa mwaka 2022, kwa hiyo husemi jambo la ajabu. Wakati mmoja kijana mwenye nyota tano na sifa tele aliweka nafasi ya watu wawili, na saa tatu usiku soja akanipigia kwamba kuna magari matatu getini na watu kumi na mmoja wenye barafu. Hawakuingia hata mmoja. Na mgeni bora niliyewahi kupata alikuwa mama kutoka Homa Bay ambaye akaunti yake ilikuwa tupu, bila picha wala neno la mwenyeji yeyote. Alimleta mtoto hospitali. Aliondoka amefua hata mashuka.

Sasa la mapenzi, maana najua mama atakuuliza kama unadai cheti cha ndoa. Sidai. Watu wazima wawili ni shauri lao na Mola wao. Ninachokazia ni umri. Kama mmoja anaonekana mdogo na hana kitambulisho, haingii, hata kama mwenzake amelipa wiki nzima, na hapo sijali atanipa nyota ngapi.

Kuhusu majina. Kwenye kikundi chetu cha wenyeji cha WhatsApp utasoma mambo ya aibu: watu wa kabila fulani wanaiba taulo, wenye majina ya Kisomali wanakuja familia nzima, vijana wa mtaa fulani usiwafungulie. Na yuleyule aliyeandika hayo anampokea mgeni kutoka Ujerumani bila swali hata moja. Wewe na mimi tumesimamishwa kwenye milango ya kutosha kwa sababu ya buibui, hatuna haja ya kufundishwa hili. Watafiti wa Harvard walilijaribu Marekani mwaka 2015: walituma maombi yaleyale kwa wenyeji, tofauti ikiwa jina tu, na wenye majina yanayosikika kuwa ya Wamarekani weusi wakawa na nafasi ndogo ya kukubaliwa kwa kiasi cha asilimia 16. Tangu 2018 Airbnb haimwonyeshi mwenyeji picha ya mgeni mpaka nafasi iwe imekubaliwa. Kwetu Katiba, ibara ya 27, haimruhusu mtu kumbagua mwenzake kwa kabila wala dini. Weka sheria hiyo pembeni kidogo na bado hesabu haikubali: mwizi wa televisheni ana jina kama la mtu mwingine yeyote. Ukichuja kwa jina, unamfukuza mteja mwema na unamfungulia mlango mwizi mwenye jina unalolipenda.

Mambo ya mtandao nitayapitia haraka. Airbnb inakupa njia mbili: mgeni ajiwekee nafasi papo hapo, au atume ombi, nawe una saa 24 za kujibu. Anza na ombi. Ukizoea, ruhusu papo hapo kwa wale tu wenye rekodi nzuri. Kuna sehemu ya kuweka sharti hilo. Mtu akikuomba mtoke nje ya mtandao mlipane kwa bei ya chini, kataa, kwa sababu likiharibika jambo hakuna wa kukusikiliza. Maoni ya wenyeji wengine yasome, ila uyasome kwa jicho la mama mkwe. "Mgeni mzuri, karibu tena" huandikiwa kila mtu. Tafuta mwenyeji aliyeeleza kitu: aliacha jiko safi, alisema atachelewa na akachelewa kweli. Na wewe ukiandika maoni, andika ukweli. Mna siku 14, na hakuna anayeona la mwenzake mpaka wote wawili mmeandika au muda umekwisha, kwa hiyo hofu ya kulipiziwa haina msingi. Wenyeji tunaficha ubaya wa wageni kwa woga, kisha tunalalamika kwamba maoni hayasaidii.

Wageni wa moja kwa moja, wa WhatsApp na Instagram, ndio watakaokupa kazi, maana hao hakuna mtu mwingine aliyewakagua. Kwao M-Pesa ni msaada mkubwa: jina linalotokea kwenye ujumbe wa malipo lifanane na jina la kitambulisho. Likitofautiana, uliza. Pengine ni dada yake kamlipia, sawa, basi huyo dada naye tuongee. Usikubali picha ya ujumbe wa M-Pesa kuwa malipo, watu wanazitengeneza. Fungua simu yako mwenyewe, uone salio limepanda. Na ujue kwamba aliyetuma anaweza kuupeleka ule ujumbe kwenye namba 456, ya kuomba pesa zirudishwe, akadai alikosea namba, kwa hiyo hifadhi mazungumzo yenu yote yanayoonyesha alikuwa analipia nini. Pesa za dhamana nachukua kwa hawa peke yao, na narudisha siku ileile ya kuondoka. Ukichelewesha hata siku moja watu wanakuona tapeli.

Vitambulisho vyenyewe vitunze kama pesa za watu. Nimeona picha za vitambulisho vya wageni zikizunguka kwenye simu ya msafishaji, ya soja, ya mpwa wa mwenye nyumba. Tuna Sheria ya Kulinda Data tangu 2019 na Kamishna wake, na kesi ikija itakukuta wewe. Picha iende sehemu moja tu, ukiwa na sababu, na ikishamaliza kazi uifute. Soja anahitaji majina na saa, hahitaji picha. Na kamera ndani ya nyumba usithubutu, hata sebuleni, hata ikiwa imezimwa. Airbnb walizikataza kila mahali kuanzia Aprili 2024, lakini hata wasingezikataza, ni nani alale akitazamwa? Ya mlangoni kwa nje inatosha, na uitaje kwenye tangazo.

Nimemwacha soja mwisho ilhali ndiye wa kwanza. Ukilisoma daftari la geti lolote hapa Nairobi utadhani mji mzima unaitwa John. Watu huandika jina lolote, namba yenye tarakimu pungufu, na soja hana habari, analinda watu sitini wanaoingia na kutoka. Mimi kila jioni namtumia orodha fupi: nyumba namba fulani, watu wawili, majina haya, gari hili, wanatoka kesho saa nne. Aliye nje ya orodha anasubiri getini mpaka mimi nipigiwe simu. Napokea simu hizo hata usiku wa manane, na sijawahi kumkaripia soja kwa kuniamsha. Siku utakayomkaripia ndiyo siku atakayoacha kupiga. Kufuli la namba ni zuri, na namba ibadilishe kwa kila mgeni, lakini kufuli halijui kuhesabu vichwa.

Kwa kuwa uko mbali, utahitaji mtu wako huku. Msafishaji akiwa mwaminifu ndiye jicho lako: vitanda vingapi vililaliwa, glasi ngapi zimetumika. Nina mama mmoja wa Kawangware aliyefanya hotelini, makini sana, anatafuta nyumba ya pili ya kusafisha. Nikuunganishe naye?

Ila kabla ya yote hayo, na kabla hujamlipa fundi wa makochi, nenda kwa kamati ya jengo. Majengo kadhaa ya Kileleshwa na Kilimani yamekataza wageni wa siku mojamoja kabisa, na mengine yanakubali kwa masharti. Omba jibu kwa maandishi, kwa jina la shemeji kwa kuwa nyumba ni yake. Wakikataa, ipangishe kwa mwezi na yote niliyokuandikia hapo juu uyasahau. Wakikubali, nitumie masharti yao tuandike tangazo pamoja.

Nisalimie mama, mwambie dawa yake ya magoti nimeipata Eastleigh na nitamtumia na basi la Alhamisi.

Wako,
Mwanaidi