Risala ya vijana wa kikundi cha ngoma, Kisesa, kwa Mgeni Rasmi, siku ya kufunga mafunzo ya kuwamba ngoma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mapadri na wachungaji mliopo, viongozi wetu wa vijiji na vitongoji, wazee wetu wa vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, wazazi na wageni waalikwa, itifaki imezingatiwa.

Mwangaluka!

Karibu sana Kisesa. Vijana 14 unaowaona mbele yako wamekaa miezi mitatu wakijifunza kuchonga gogo, kuloweka ngozi ya ng'ombe, kuikaza kwa vigingi na kuipasha kwenye moto wa nyasi mpaka ilie. Ngoma iliyo kulia kwako, ile yenye kiraka, ilipasuka mara mbili. Mzee aliyetufundisha alitukataza kuitupa. Alisema ngozi ilipashwa na mtu mwenye haraka, na aliyeipasha anajijua.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mtu akishuka kwenye daladala hapa Kisesa, kilomita kama 20 kutoka Mwanza mjini kwa barabara ya Musoma, anaona mji kama miji mingine ya barabarani: fremu za simu, vibanda vya chipsi, bodaboda wakigombea abiria. Akipanda hadi Bujora ndipo anapouelewa mji huu. Misheni ya pale ilianzishwa mwaka 1952 na Padri David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Quebec, Kanada, ambaye wazee walimpa jina la Fumbuka. Zama zile misheni nyingi zilitaka muumini aiache ngoma nje ya uzio, pamoja na hirizi. Fumbuka alikaa chini na wazee wakakusanya nyimbo, misemo na desturi, nyimbo za kanisa zikapata mahadhi ya Kisukuma, na baadaye ikasimama makumbusho ya Wasukuma. Utemi ulipofutwa mwaka 1963, ngoma za watemi zingeweza kuishia kwenye stoo za watu au kuuzwa kwa watalii. Leo zipo zinazotunzwa Bujora, ndani ya jengo lenye umbo la kiti cha mtemi.

Kisha ipo Bulabo, sherehe yetu ya ngoma ya kila mwaka. Neno lenyewe maana yake ni maua, kwa sababu ya maandamano ya sikukuu ya Ekaristi, na kwa kawaida huangukia mwezi Juni. Baada ya misa, Bagika na Bagalu huingia uwanjani. Wazee hapa wanajua habari hii kuliko sisi, lakini kwa faida ya mgeni wetu: vyama hivi vinatokana na waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, waliobishana nani ana dawa kali zaidi, wakaamua ngoma ndiyo ikate shauri. Mpaka leo makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, jirani kwa jirani, na atakayevuta watu wengi ndiye mshindi. Hakuna meza ya majaji wala karatasi za alama. Umati ukikuhama, umehukumiwa.

Tumeyasema hayo kwa makusudi, kwa sababu shida yetu ni ya nafasi.

Mheshimiwa, tangu barabara ya mchepuo ya Usagara hadi Kisesa ikamilike, na sasa Daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025, mtu anayetoka Geita kwenda Mara anapita hapa kwetu bila kuingia Mwanza mjini. Tunashukuru, maana hata sisi tunauza maji na karanga kwa wasafiri hao. Ila viwanja vimepanda bei na kila uwazi sasa una dalali wake. Ukuta usioandikwa kwa rangi nyekundu "Hapauzwi" unahesabika kuwa unauzwa.

Mwaka jana tulifika asubuhi kwenye uwanja wetu wa mazoezi tukakuta bikoni, yale mawe ya mipaka ya viwanja, zimechimbiwa. Hatukuambiwa lolote na mtu yeyote. Tukaendelea kufanya mazoezi katikati yake, mpaka siku mwenzetu alipotupa jembe juu katika bugobogobo, ngoma yetu ya majembe, akarudi nyuma kulidaka, akajigonga kisigino kwenye bikoni. Jembe lilianguka chini. Kwa mcheza bugobogobo, jembe kuanguka ni aibu kuliko kidonda. Sasa tunafanyia mazoezi kwenye kiwanja cha nyumba ambayo haijajengwa, na mwenye nacho ameshaleta mchanga na kokoto.

Uwanja unaotosha kundi moja hautoshi mashindano. Ukiwa mdogo, watazamaji hawana pa kuhamia, na wasipohama hakuna mshindi, yanabaki maonyesho ya kupiga picha.

Si ardhi peke yake inayotusumbua. Mpiga ngoma wetu hodari kuliko wote aliambiwa huko anakosali siku hizi achague ngoma au wokovu. Alichagua wokovu, na hatumlaumu, bado tunasalimiana. Nasi hatusemi kila kilichokuwamo kwenye ngoma za zamani kirudi, zile dawa za kumroga mpinzani ziende zake. Lakini tungependa viongozi wa dini zote walioko hapa wafike Bujora wakaone jinsi imani na ngoma vilivyokaa nyumba moja kwa zaidi ya miaka 70 bila kanisa kuanguka.

Tena, Mheshimiwa, utuwie radhi kwa hili: kila anapokuja kiongozi tunaitwa tucheze juani kuanzia saa tatu, kiongozi anafika saa nane, na malipo yetu ni soda. Leo umefika kwa wakati. Tumeliandika kwenye daftari la kikundi.

Maombi yetu ni haya. Kwanza, mamlaka za wilaya yetu ya Magu zitenge eneo la wazi la ngoma hapa Kisesa, lipimwe, lipate hati kwa jina la umma, kabla ramani ya mji haijajaa. Eneo litoshe makundi mawili na umati wao. Pili, wazee wanaojua nyimbo na utani wa Kisukuma waruhusiwe kuingia madarasani kwenye shule zetu, hata mara moja kwa wiki, na walipwe nauli. Mwalimu wetu wa kuwamba anakuja kwa miguu. Tatu, tunaomba ngozi sita. Tulizonazo zimebaki mbili na moja ina mafuta mengi, haitalia.

Baada ya risala hii tutapiga bugobogobo. Ukiona inafaa kushika jembe, tumekuandalia jepesi.

Wabeja sana. Tunaomba kuwasilisha.