Nifanyeje ili hamu ya kutunga nyimbo isinikauke?

Ndugu Mhariri na wasomaji wenzangu,

Nawasalimu kutoka Isevya, mjini Tabora. Walionizidi umri, shikamooni. Mimi ni mwalimu wa hisabati katika shule ya sekondari, na ni mtunzi wa nyimbo za kwaya tangu usichana wangu, nilipofundishwa kusoma nota za sol-fa (do, re, mi) ubaoni, hata nikawa siwezi kusikia wimbo wowote bila kuutafutia sauti zake za alto na tena.

Kuimba hakujawahi kunichosha. Shida yangu iko katika kutunga. Zamani nilitunga pale wimbo uliponijia. Siku hizi karibu kila ninachoandika kimeagizwa. Mwalimu wa kwaya anataka wimbo wa matoleo kabla ya Pasaka, bibi harusi anataka wimbo utakaotaja jina lake, na kamati ya jubilei ya padre inataka wimbo wa shangwe usio mgumu, kwa kuwa muda wa kuufundisha ni mfupi. Ninaandika, wanaimba, watu wanapiga vigelegele, nami nafurahi pamoja nao kwa dhati. Hata hivyo naona kwamba besi zangu zinapita njia ile ile kila mara, kwamba ubeti wa tatu ninaujaza maneno tu, na kwamba daftari la nyimbo ambazo hakuna aliyeziomba sijaligusa tangu msimu wa maembe uliopita. Humo kuna kiitikio nilichokijenga juu ya mapigo ya ngoma za Kinyamwezi nilizozisikia kwa bibi yangu kule Sikonge. Hadi leo kina sauti ya kwanza pekee, nami nakipenda kuliko nyimbo zangu zote zilizokwisha kuimbwa.

Mwalimu wa kwaya, ambaye namheshimu sana, ananishauri nipumzike mwaka mzima, nisitunge chochote hadi kiu irudi yenyewe. Mume wangu anaona kinyume: niamke wakati wa adhana ya alfajiri, kabla watoto hawajaamka, niandike mistari michache kila siku, iwe mizuri au mibaya. Naegemea upande wa mume wangu, kwa sababu nikikaa muda mrefu bila kuandika, kupanga sauti nne hunichukua muda maradufu. Ila nahofia kwamba ratiba hiyo nayo itageuka kuwa agizo jingine, safari hii kutoka kwangu mwenyewe.

Huwa namfikiria Mzee Salum Zahoro, aliyeongoza bendi ya Kiko Kids hapa hapa Tabora, na ambaye katika miaka ya 1990 alikuwa bado anapiga muziki katika Shikamoo Jazz pamoja na wanamuziki wazee wenzake. Natamani kufika umri huo nikiwa bado natunga.

Naomba basi mnaotunga mniambie: je, yupo aliyepumzika kwa muda mrefu kisha akarudi na nguvu mpya? Na mnamkatalije mwalimu wa kwaya, au jirani anayeoza binti yake, bila kuonekana mnaringa? Nitashukuru zaidi kusikia kutoka kwa akina mama wenye kazi na watoto ambao hawajaacha kutunga, hasa wanieleze ni saa ngapi za siku wanazitenga kwa nyimbo zao wenyewe, na nyumbani walikubaliana vipi juu ya saa hizo.

Wenu,
Mama mtunzi, Tabora