Agitu tumkumbuke kwa mbuzi wake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimtaje mwanamke ambaye wengi wetu tulimsikia kwa mara ya kwanza siku alipouawa.

Agitu Ideo Gudeta, mfugaji wa mbuzi, Mwethiopia mzaliwa wa Addis Ababa, alikutwa amekufa nyumbani kwake katika milima ya Trentino, kaskazini mwa Italia, tarehe 29 Desemba 2020. Zilibaki siku tatu atimize miaka 43. Mmoja wa wafanyakazi wake alikiri kumuua. Mitandaoni niliyoyaona zaidi yalikuwa mabishano kuhusu wahamiaji, huyu katoka nchi gani na yule kaja kufanya nini, na mbuzi wake wakapata sentensi moja. Mimi ni mfugaji, kwa hiyo nitaanza na hao mbuzi.

Alianza na mbuzi 15. Kufikia mwaka 2018 zizi lake lilikuwa na mbuzi wapatao 180. Aliyewahi kuamka alfajiri ya baridi kukamua hata mbuzi kumi tu atanielewa nikisema hiyo si habari ya kusoma na kupita. Tena katika kundi lile aliweka mbuzi wa asili wa Bonde la Mòcheni alikoishi, wale wanaoitwa Pezzata Mòchena, aina iliyokuwa inaelekea kutoweka. Wenyeji wa bonde lile walikuwa na mbuzi wao, na mgeni kutoka Ethiopia ndiye aliyewathamini kiasi cha kuwajengea biashara. Malisho aliyapata kwenye hekta 11 za ardhi ya umma iliyokuwa imetelekezwa hadi vichaka vikaanza kuimeza. Shamba lake aliliita La Capra Felice, yaani Mbuzi Mwenye Furaha.

Suala la ardhi ndilo linalonigusa zaidi. Agitu alisomea sosholojia Chuo Kikuu cha Trento, kisha akarudi kwao Ethiopia akasimama na wakulima waliokuwa wakinyang'anywa mashamba ili yapewe makampuni makubwa. Wenzake walikamatwa, yeye akatishiwa, na mwaka 2010 akakimbia kurudi Italia akiwa na yuro 200 hivi mfukoni. Akafanya kazi baa huku akijipanga. Basi tazama: mtu aliyefukuzwa kwao kwa kutetea ardhi iliyogombewa na wakubwa akaenda kufufua ardhi ambayo wenyewe wameshaichoka. Hilo peke yake lingetosha kuandikiwa ukurasa mzima.

Hakupokewa na wote kwa mikono miwili. Alitukanwa kwa rangi yake na kushambuliwa, akaenda kulalamika hadharani na mahakamani, na mwanamume mmoja wa jirani akatiwa hatiani kwa kumjeruhi. Milima ile pia ina dubu, kero ambayo sisi wa Uluguru hatuna, ingawa chui tunawasikia. Hakuhama. Badala yake aliwaajiri vijana waliokuwa wakiomba hifadhi kama yeye zamani, akawafundisha kuchunga na kukamua, na mwaka 2020, katikati ya korona, akafungua duka lake mjini Trento.

Alipofariki, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilimtaja kuwa mfano wa mkimbizi aliyefanikiwa na kukubalika katika jamii mpya. Sina ugomvi na sifa hiyo, ila naona imekaa upande mmoja. Inasikika kana kwamba Italia ilimpa kila kitu, naye akashukuru kwa kufanya bidii. Ufugaji wa mbuzi alijifunza kwa bibi yake, huko huko Ethiopia. Ujuzi huo alivuka nao bahari, na bonde ndilo lililofaidika.

Sisi wa Mgeta tuna mbuzi wa maziwa kutoka Norway tangu miaka ya 1980, lakini mpaka leo mnunuzi ananusa kikombe kabla hajaonja na kusema maziwa ya mbuzi yananuka beberu. Yatanukaje, kama beberu umemtenga na majike, kiwele umekiosha, na maziwa umeyapoza mara tu baada ya kukamua? Msimu wa maziwa mengi bei inaporomoka, na yanayobaki jioni wanakunywa watoto, mengine paka. Agitu hakukaa kusubiri gari la mnunuzi. Aliyagandisha mwenyewe, akatengeneza jibini, akaliuza sokoni kwa jina lake, uso kwa uso na mlaji. Maofisa wetu wa mifugo wakija wanatuuliza mbuzi anatoa lita ngapi. Hawajawahi kuniuliza nauza nini.

Baada ya kifo chake, msichana mmoja mfugaji wa bonde lile alijitolea kuwatunza mbuzi walioachwa. Sikuona habari hiyo ikisambazwa huku kama ilivyosambazwa ile ya mauaji.

Ombi langu kwako Mhariri ni kwamba ukurasa wako wa kilimo na mifugo umwandike mama huyu kwa kirefu, na picha iwe ile ya kwake malishoni na mbuzi, si ya magari ya polisi. Na kwa waandaaji wa Nane Nane katika viwanja vya Mwalimu Nyerere hapa Morogoro, tengeni banda moja la kufundisha kutengeneza jibini la mbuzi kwa vitendo, tuje na maziwa yetu wenyewe. Mkikosa jina la kuliita banda hilo, mimi nimeshalitaja.

Wako,
Mfugaji wa mbuzi wa maziwa
Mgeta, Morogoro