Kwa Nini Tepu Hukatikia Ndani ya Tundu

Tepu ni kifaa cha kukatia hesi, yaani mikato ya skrubu, ndani ya tundu. Kazi nyingi zinazoletwa kwetu zikiwa na tepu iliyokatikia ndani huja na lalamiko lile lile, kwamba tepu ilikuwa mbovu. Tukipima tundu, mara nyingi tunakuta kosa lilitokea mapema, wakati wa kutoboa.

Kwa hesi za metriki, kipenyo cha keekee hupatikana kwa kutoa hatua ya hesi (umbali kati ya hesi moja na inayofuata) kwenye kipenyo cha bolti. M10, yaani bolti ya kipenyo cha milimita 10, yenye hatua ya milimita 1.5 inahitaji tundu la milimita 8.5, na M8 yenye hatua ya 1.25 inahitaji 6.75, kwa kawaida keekee ya 6.8. Fundi anayetoboa tundu la M10 kwa keekee ya 8, akihofia hesi zisije zikalegea, anaibebesha tepu kazi ya keekee. Na tepu, kwa ugumu wake wote, haivumilii kupindwa.

Kukata kwenyewe kunataka subira. Zungusha mpini nusu mzunguko mbele, kisha urudishe robo ili chenga zikatike, na usiache kutia mafuta, isipokuwa kwenye chuma cha kusubu, ambacho kwa kawaida hukatwa kikavu. Ukilegeza mkono na mpini ukarudi nyuma wenyewe kama springi, ujue tepu imeanza kujipinda: usiongeze nguvu, itoe, usafishe tundu. Kwenye tundu lisilotokeza upande wa pili anza na tepu ya kwanza ya seti, iliyochongoka zaidi, kisha umalizie na ya mwisho, inayokata hadi karibu na kitako.

Ikiwa imeshakatika, tunakuomba sana usiigonge kwa tindo. Keekee ya kawaida haiitoboi, kwa kuwa zote mbili ni za chuma kigumu cha aina moja, na vipande vinavyopasuka hukwaruza hesi na kukwama zaidi. Sisi huila kiini chake kwa mashine ya cheche za umeme, kazi ikiwa imezamishwa katika mafuta maalumu, kisha tunachomoa mabaki bila kugusa hesi.

Unapoleta kazi, leta na bolti yake. Bolti ya nusu inchi ya Whitworth, kipimo cha Kiingereza, ina hesi 12 kwa inchi na pembe ya digrii 55, ilhali ya UNC, kipimo cha Marekani, ina hesi 13 na pembe ya digrii 60. Kwa macho hufanana, lakini tepu zake haziingiliani.