Barua ya wazi kwa mabondia mlioambiwa hamna kipaji

Wanangu,

Nawaandikia ninyi mnaosimama nyuma kabisa kocha anapochagua wa kupanda ulingoni. Siwajui majina lakini nawajua. Kamba huwanasa miguuni kabla hamjafikisha mruko wa kumi. Mkirusha ngumi, mtu anaweza kudhani mnasukuma mlango uliokwama. Mmeshaambiwa kwamba hamkuzaliwa kwa kazi hii, tena na mtu mwenye saa ya raundi mkononi. Mimi mwenyewe niliwahi kumtamkia kijana mmoja maneno hayo mbele ya wenzake. Alifungua bendeji zake polepole, akazikunja vizuri, akaondoka, hakurudi tena. Basi ichukulieni barua hii kuwa deni ninalolipa, ingawa aliyenidai simwoni.

Sitawadanganya kwamba kipaji ni hadithi. Kipo. Bondia Mmarekani Roy Jones Jr. enzi zake alikuwa akiacha mikono chini, akikwepa kwa macho na miguu tu, halafu anaruka na ngumi ya kushoto kabla mtu hajapepesa. Ninyi mkijaribu hayo mtaamkia chini. Lakini mwili usio na kasi una umbo lake, na umbo hilo lina matumizi. Kosa lenu si kukosa alichonacho mwenzenu, ni kukazana kupigana kama yeye.

Mtazameni Rocky Marciano. Mikono yake ilipopimwa, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, ilikuwa inchi 68 hivi, wakati ya Joe Louis, bingwa aliyemtangulia, ilikuwa 76. Kwa bingwa wa uzito wa juu hiyo ni mikono ya mtoto. Alikuwa mfupi, miguu mizito, ameanza amechelewa, na kabla ya hapo alijaribu besiboli akakataliwa. Alipoletwa New York kwa kocha Charley Goldman, kizee kifupi aliyewahi kupigana mwenyewe, kocha mwingine angemwambia asimame wima arefuke kidogo. Goldman alimwinamisha, akamfanya mfupi zaidi! Mtu mrefu akatakiwa kupiga kwenda chini, akute utosi na mabega, huku Marciano akisogea hadi kifuani pake. Ukishafika pale, mikono mirefu ni kama ngazi ndani ya choo: huna pa kuigeuzia.

Tarehe 23 Septemba 1952, Philadelphia, Jersey Joe Walcott, aliyekuwa bingwa wa dunia, alimwangusha Marciano katika raundi ya kwanza tu. Hadi raundi ya 12 kuisha, Marciano alikuwa nyuma kwenye kadi za majaji wote watatu. Katika raundi ya 13 wakiwa kwenye kamba, akapiga ya kulia iliyosafiri umbali mdogo mno. Mwenye mikono mirefu asingeweza kuipata nafasi ile. Walcott akashuka taratibu, mkono mmoja umeng'ang'ania kamba. Watu hupenda kutaja mapambano yake 49 bila kupoteza, 43 kwa KO, yaani mpinzani hakumaliza. Mimi hupenda ile ngumi fupi.

Joe Frazier simweki kundi moja nanyi, alikuwa na moto wake. Ila jueni kwamba mkono wake wa kushoto uliumia utotoni, haukunyooka vizuri tena. Ngumi nyoofu nzuri angeitoa wapi? Mkono uliokwisha kujipinda wenyewe ukawa wa kupiga kwa kuzungusha, na tarehe 8 Machi 1971 ndio uliomlaza Muhammad Ali chali katika raundi ya 15. James Braddock naye alivunjika mkono wa kulia akiwa anategemea huo, ikabidi abebe mizigo bandarini kwa wa kushoto. Mwaka 1935 alirudi kumvua Max Baer ubingwa wa dunia, na ule wa kushoto haukuwa tena wa kusindikiza.

Kuna mmoja ambaye wengi hamumtaji: Glen Johnson, Mjamaika. Bondia Bernard Hopkins alimpiga hadi pambano likasimamishwa mwaka 1997, na hadi kufikia Septemba 2004 alikuwa ameshapoteza mapambano tisa. Mwezi huo alikutana na huyohuyo Roy Jones Jr. Jones alikuwa ameshaanza kushuka, nisimpunje Jones haki yake. Lakini Johnson hakushindana naye kwa kasi. Alimfuata tu, raundi baada ya raundi, ngumi zikitua mabegani, mikononi, mbavuni, popote zilipofika, na katika raundi ya tisa mtu wa miujiza alilala bila fahamu.

Sasa hapa nawaomba mniazime masikio, maana ndipo wazee wengi hunyamaza. Bondia asiye na kasi husifiwa kwa kustahimili, na sifa hiyo ni sumu. Ataambiwa ana moyo, ana kidevu cha chuma, halafu kila jioni anawekwa mbele ya wenye vipaji wajifunzie kwake. Marciano mwenyewe mwaka 1954 alipasuliwa pua na Ezzard Charles hadi wasaidizi wa kona yake wakaogopa pambano litasimamishwa. Alishinda, ndiyo, lakini pua ile ilikuwa bei. Na tangu 1928 daktari Harrison Martland alikwisha kuandika juu ya mabondia wanaotembea kama walevi kwa sababu ya vichwa kupigwa mno. Kichwa hakioti sugu kama kiganja. Kocha akiwafanya gunia, mkatalieni kwa heshima, na asiposikia, hameni.

Kwa hiyo zoezi lenu la kwanza lisiwe kupiga. Fungeni kamba kutoka nguzo hadi nguzo ya ulingo, usawa wa kidevu chako ukiwa umesimama. Pita chini yake kushoto, kisha kulia, ukisonga mbele nusu hatua kila mara. Magoti ndiyo yainame, mgongo ubaki, macho yasiangalie sakafu. Dakika tatu, pumzika moja, rudia. Siku ya kwanza mapaja yatatetemeka na kamba itakukwangua shingo. Baada ya wiki kadhaa utaanza kutoka chini ya kamba ngumi ikiwa tayari imeondoka, bila kuiagiza. Wenye kasi hulichoka zoezi hili siku ya pili, maana wao wana njia nyingine ya kukwepa, hadi watakapofikisha miaka thelathini.

Mimi huwa nafika alfajiri, kabla ya makocha wenye filimbi. Kamba mtaikuta imefungwa. Na yule kijana wangu wa bendeji, kama bado unafuatilia ngumi na barua hii imekufikia, nimeifunga usawa wa kidevu chako.