Kabla ya kununua haibiskasi, chimba shimo ulijaze maji

Mhariri,

Masika yakikaribia, vitalu vya kando ya barabara hapa Dar es Salaam hujaa wateja, na mche unaobebwa haraka ni haibiskasi iliyokwisha kuchanua ua lake jekundu. Mche si mbaya. Ubaya ni kule unakokwenda kupandwa: kwenye kona yanakotuama maji ya karo la vyombo au ya bafuni, mahali ambapo mwenye nyumba anataka pafichwe pasionekane. Miezi mitatu baadaye mche umekufa, na lawama anapewa muuzaji. Kona ile haikutaka haibiskasi. Ilitaka ndago.

Najua neno hilo linavyopokelewa. Mkulima akisikia ndago, mkono unakwenda kwenye jembe, na ana haki. Ndago ya shambani, Cyperus rotundus, ina viazi vidogo vyeusi vilivyoshikana kwa nyuzi chini ya ardhi. Ukiing'oa uzi unakatika, na kila kiazi kilichobaki kinaota. Ninayoisema ni ndugu yake, Cyperus alternifolius: fito za kijani zilizosimama wima, urefu wa kama mita moja, kila ufito umebeba kileleni majani membamba yaliyotawanyika kama njiti za mwavuli uliochanika kitambaa. Hii haina viazi. Hunenepa kwa shina fupi lililolala chini ya udongo, na shada hutanuka taratibu kuelekea pembeni. Tuiite ndago mwavuli. Ina asili ya Afrika na Madagaska, kwa hiyo hapa mgeni ni haibiskasi, iliyotoka Asia. Mwaka 1753 Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliipa jina la waridi la China.

Uchaguzi kati ya hizi mbili uanze na maji, uzuri ufuate. Kipimo chake ni rahisi. Chimba shimo la kina cha sm 30 na upana huohuo. Lijaze maji, yaache yaishe yote, kisha lijaze tena. Simamisha kijiti chenye alama, urudi baada ya saa moja. Maji yakiwa yameshuka kwa pungufu ya sm 2 au 3, ardhi hiyo hainywi, weka ndago. Yakiwa yamekwisha yote, huo ni mchanga wa pwani. Haibiskasi itakaa vizuri mradi uilishe samadi. Na ukichimba ukaona maji yanajitokeza yenyewe kutoka chini, usipoteze muda na kipimo. Hapo haibiskasi haina maisha.

Sababu ni hewa. Mizizi ya haibiskasi inapumua kupitia nafasi ndogondogo za udongo, na zikijaa maji kwa siku kadhaa mizizi inaoza. Majani ya chini yanakuwa manjano, halafu kichaka kizima kinanyauka huku udongo umelowa. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaona mnyauko, wanaongeza ndoo. Chimbua mzizi mmoja uubane kwa kucha. Ulio mzima ni mweupe ndani na haumenyeki kirahisi. Uliooza una rangi ya kahawia, ganda linateleza na kuvuka kama soksi, mkononi kunabaki kijiuzi. Kichaka kilichofikia hapo hakiokolewi kwa mbolea. Kata vipandikizi kwenye matawi ya juu ambayo bado ni mazima, sm 10 hadi 15 kila kimoja, uvioteshe kwingine. Huchukua wiki 4 hadi 6 kutoa mizizi.

Ndago mwavuli imeumbwa kinyume. Ndani ya fito zake kuna mianya inayopeleka hewa mpaka mizizini, ndiyo maana inasimama na miguu ndani ya maji mwaka mzima bila kuugua. Maradhi yake ni ukame. Ikikosa maji siku chache kwenye jua kali, ncha za majani zinakuwa kahawia, na hazirudi kuwa kijani hata ukiimwagilia pipa zima.

Kwa kona ya karo, chimba shimo la kina cha sm 50, na kama udongo unavujisha, tandika nailoni nzito chini na pembeni. Jaza kokoto, kisha zamisha mashada matatu au manne, umbali wa sm 40 kati ya moja na jingine. Maji yaishie sm 5 chini ya uso wa kokoto. Usipunguze kipimo hicho, kwa sababu maji yanayoonekana juu ni nyumba ya mbu. Acha pia njia ya maji kutokea upande wa pili, la sivyo mvua kubwa ya Aprili italigeuza shimo kuwa dimbwi. Kinachoharibu mashimo haya kwa kawaida ni mafuta ya kupikia: yanagandamana kwenye kokoto mpaka maji yanakwama na kunuka. Weka ndoo ya kunasia mafuta kabla ya maji kufika shimoni, uisafishe kila wiki. Maji yenye dawa ya kung'arishia nguo yamwage kwingine.

Kupata miche ya ndago hakuhitaji kwenda kitaluni mara mbili. Kata mwavuli mmoja pamoja na sm 5 hadi 10 za ufito wake, punguza majani yabaki nusu, uuelekeze kichwa chini kwenye glasi ya maji, yaani majani ndani na ufito juu. Watu hucheka wakiambiwa hivyo. Baada ya wiki mbili hadi nne, katikati ya mwavuli panatoka mizizi myeupe na vichipukizi, kwa sababu macho ya kuotea yako pale kwenye kifundo cha majani.

Kupogoa nako kunatofautiana, na mtunza bustani mwenye mkasi mmoja kwa kila kitu huharibu vyote viwili. Ufito wa ndago ukikatwa kichwa hauchipui tena. Unabaki kisiki kinachokauka. Kata fito zilizozeeka chini kabisa, uziache changa. Haibiskasi hutoa matumba kwenye ncha za matawi mapya, hivyo anayeinyoa kila wiki mbili ili uzio uonekane umenyooka anapunguza maua yote kwa mkasi wake. Punguza theluthi moja ya matawi kwa wakati mmoja, kisha subiri. Ua moja kwa kawaida huishi siku moja tu, na wingi wa machipukizi ndio unaofanya kichaka kionekane kimechanua kila siku.

Kwa wanaopanda haibiskasi mahali pake: shimo la sm 45 kila upande, debe moja la samadi iliyooza vizuri kwa madebe mawili ya udongo wa juu, na sm 75 kati ya mche na mche kama ni ua wa uzio. Chana kiriba chote, yaani mfuko wa mche, usikiache chini. Mwezi wa kwanza mpe kila mche lita 10 kila baada ya siku moja. Penye ardhi ya matumbawe majani machanga hugeuka manjano huku mishipa imebaki kijani. Hiyo ni njaa ya chuma, na kuongeza mbolea ya DAP kunaizidisha, maana fosforasi nyingi inazuia mmea kukipata. Mbolea ya majani yenye chuma husaidia, pamoja na matandazo ya majani makavu. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka, geuza majani utafute vidung'ata, vile vyeupe kama pamba. Kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja, nyunyiza jioni chini ya majani, rudia baada ya wiki. Jaribu kwanza kwenye majani machache.

Lawama moja dhidi ya ndago naikubali: haina ua la kutazamwa. Inatoa vishada vya kahawia tu, na vikiachwa vikomae vinamwaga mbegu penye unyevu. Vikate mapema, na mabaki yasitupwe mtaroni wala mtoni, kwa sababu yataota huko. Anayetaka rangi apande haibiskasi juu ya tuta la sm 30, mita moja na nusu kutoka ukingo wa shimo. Mafunjo, ndugu wa ndago, yale marefu ya mita nne, aachiwe mwenye bwawa.

Wauza miche nao wamuulize mteja swali moja kabla ya kupokea fedha: maji ya nyumba yako yanaishia wapi? Na mteja aombe kiriba kifunguliwe kidogo. Mizizi iliyojizungusha chini kama kata ya kubebea ndoo ni ya mche uliokaa kitaluni kupita kiasi, hata kama umebeba ua.

Mtunza bustani,
Dar es Salaam